Filamu Iliyokosa Jicho la Mchezaji
Filamu ya uhuishaji ya Ultramarines, iliyotoka mwaka 2010 ikitokana na mchezo wa vita wa mezani wa Warhammer 40,000, haikuangushwa na uhaba wa fedha kama watetezi wake wanavyodai. Hadithi iliandikwa na Dan Abnett, anayeijua dunia hiyo nje ndani, na miongoni mwa waliotoa sauti walikuwamo Terence Stamp na John Hurt. Kilichokosekana ni jicho. Mchezaji wa Warhammer huchukua kijisanamu kisichozidi urefu wa kidole, akakipaka rangi kwa brashi nyembamba hadi mikwaruzo ya deraya ionekane. Filamu inawatembeza askari wachache wanaofanana katika nyika tupu yenye vumbi, dakika baada ya dakika. Bajeti ilikuwa ndogo, ni kweli. Lakini mtengenezaji wa uhuishaji Syama Pedersen alianza kutoa Astartes mwaka 2018, filamu fupifupi za dunia hiyohiyo ya Warhammer alizozitengeneza karibu peke yake, zenye maneno machache mno, na humo kila hatua ya askari ina uzito na kila risasi ina shabaha. Games Workshop, wenye mchezo, wakamchukua afanye kazi nao. Anayetaka kuijua dunia hiyo aanze na Astartes.