Vumbi Lisiwafuate Nyumbani
NENO LA WIKI, na Mwanaisha Bakari

Kila usafishaji wa udongo wa Owino Uhuru unapotajwa, mimi humfikiria kibarua atakayepewa koleo.

Mtaa huo wa Mikindani, Mombasa, ulipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Kilifungwa 2014, watu wakiwa wameshaugua. Phyllis Omido alifanya kazi humo hadi mwanawe aliyekuwa akinyonya akapatikana na sumu hiyo mwilini, ndipo akaongoza madai ya haki. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe. Fidia ikatenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Tumejadili sana fedha. Tujadili na mikono itakayochimba.

Risasi haiozi, na haina harufu ya kumtahadharisha mtu. Huingia kwa vumbi linalovutwa, na kwa vidole vinavyoshika chapati ya saa nne. Kwa hiyo ardhi inyunyiziwe maji kabla ya kuguswa. Leso iliyofungwa puani haizuii chembe ndogo hivyo. Inatakiwa barakoa ya kichujio inayobana uso. Chakula na sigara vibaki nje ya ua wa kazi, na muguka pia, kwani anayetafuna hupeleka mkono mdomoni kutwa nzima.

Kinachonitia hofu zaidi ni ovaroli. Mtu akipanda matatu nayo na kufika kwake, mtoto atamrukia, na mkewe ataifua kwenye karai lile lile la nguo za mtoto. Risasi inayomezwa hunyonywa na mwili wa mtoto kwa wingi kuliko wa mtu mzima, nayo huharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Basi pawe na chumba cha kuvulia nguo chafu, bafu katikati, na chumba kingine cha nguo safi. Ovaroli na buti zisitoke pale. Damu ya kila kibarua ipimwe kabla hajaanza na wakati kazi ikiendelea, ili anayepanda kiwango aondolewe mapema, bila kukatwa ujira.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Kontrakta anaweza kusema hawa ni watu wa wiki mbili tu. Lakini risasi hujificha mifupani miaka na mikaka. Kwa mwanamke hutoka tena akiwa mjamzito, ikamfikia aliye tumboni. Binti atakayesukuma toroli mwaka huu anaweza kuzaa baada ya miaka mitano.

Gharama hizi ziandikwe kwenye zabuni tangu mwanzo. Na kabla ya koleo la kwanza kuzama, wakazi waoneshwe bafu limejengwa na maji yanatoka.