Hesabu ya Msomi na Mchujo wa Vyama

Wako wanaodhani kwamba msomi anayetumia umri wake kuwahesabu wanawake Bungeni anapoteza wino. Nasi twauliza, ndugu msomaji: bila hesabu hiyo, tungeidai haki kwa ushahidi gani?

Mtazame Profesa Maria Nzomo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi waliamini kuwa kuja kwa vyama vingi kungetosha kuwafungulia akina mama mlango. Mwanasayansi huyu wa siasa hakungoja historia ipoe ndipo aiandike. Aliongoza Kamati ya Kitaifa kuhusu Hali ya Wanawake, akawahimiza akina mama wagombee. Uchaguzi wa 1992 ulipokwisha, wanawake walikuwa 6 katika viti 188. Mageuzi peke yake hayakuwa yametosha.

Mwenzake, Profesa Wanjiku Kabira, mwalimu wa fasihi, aliketi katika Tume ya Kurekebisha Katiba. Katiba ya 2010 ikatamka kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Maneno mazuri! Lakini 2013, katika maeneo bunge 290, wanawake waliochaguliwa walikuwa 16, na hakuna hata mmoja aliyechaguliwa kuwa gavana au seneta. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo. Bunge halikuvunjwa.

Kizuizi kiko wapi? Wasomi wamekwisha kukionyesha: kiko katika mchujo wa vyama, mahali ambapo pesa, vijana wa kukodiwa na matusi humwondoa mama kabla mpiga kura hajaliona jina lake. Akilalamika, huambiwa akatafute kile kiti cha kaunti, kana kwamba viti vile 47 vilikuwa ukuta wa kumzuilia.

Na sisi wa kanisa tusijifiche nyuma ya wanasiasa. Akina mama ndio wanaojaza viti vyetu kila Jumapili na kuchanga harambee. Katika kamati inayoamua matumizi ya fedha hizo, ni wangapi?

Kwa hiyo mgombea akija ibadani kuomba kura, wazee wa kanisa wamwulize kwanza kama chama chake kilimruhusu mwanamke yeyote kushindana naye. Asipojibu, asipewe kipaza sauti.