King'ora kwenye kona za Soni: nani ana haki, na sauti inafika wapi?

Kikosi cha Usalama Barabarani kinapotangaza msako wa magari binafsi yaliyofungwa ving'ora na vimulimuli, wengi huku Lushoto hudhani hiyo ni habari ya foleni za Dar es Salaam. Lakini barabara yetu ya kushuka Mombo kupitia Soni, kilomita zipatazo 33 za kona na mteremko, ndiyo njia ya mgonjwa anayepelekwa rufaa Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. King'ora kisicho halali kinatugusa moja kwa moja.

Nani anaruhusiwa?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inawataka madereva kuyapisha magari ya dharura, kama ya polisi, zimamoto na wagonjwa, yanapokuwa kazini. Mwenye gari binafsi hana haki hiyo, hata awe na cheo au fedha kiasi gani. Kifaa kuuzwa dukani hakumpi mnunuzi kibali cha kukitumia barabarani.

Tatizo kubwa ni imani. Dereva wa Fuso iliyojaa kabichi akishapisha mara tatu gari la mtu anayewahi kikao, mara ya nne hatakuwa na haraka ya kusogea. Na hiyo ya nne huenda imembeba mama mwenye uchungu.

Sauti inafika wapi?

Spika ya king'ora ya wati 100 hutoa desibeli kama 118 ukiwa umbali wa mita 3. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, hivyo kwenye mita 100 zinabaki chini ya 90. Vioo vilivyofungwa, injini na muziki humeza sehemu kubwa ya hizo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa humaliza mita 100 kwa sekunde 6 tu.

Hayo ni kwenye tambarare. Milimani, ukingo huzuia sauti na mwangwi huirudisha kutoka ng'ambo ya bonde. Dereva husikia king'ora asijue kama kinatoka juu au chini, na bodaboda huweza kusogea upande uleule gari linakotokea.

Kwa hiyo dereva wa gari la wagonjwa aendeshe kama vile hakuna aliyemsikia. Apunguze mwendo kabla ya kona, na asipite gari jingine mahali asipoona mbele. Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa king'ora mara nyingi huokoa dakika chache tu. Kuanguka bondeni hakuokoi hata moja.

Ufungaji salama

Kwa halmashauri, vituo vya afya na mafundi umeme wa magari, mambo ni haya:

- Spika ikae mbele, kwenye bampa au nyuma ya grili, ikitazama barabara. Ikiwekwa juu ya paa, kelele humrudia dereva, mhudumu na mgonjwa.
- King'ora cha wati 100 kwenye betri ya volti 12 huvuta takriban ampea 10. Kiwe na waya wake mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi karibu na betri. Kuunga kwenye waya wa honi au taa ni kukaribisha moto.
- Swichi iwe mahali mkono unafika bila dereva kuondoa macho barabarani, na mbali na mfuko wa hewa.
- Kijaribiwe kila zamu inapoanza, pamoja na taa.

Sisi wengine tufanye nini?

Ukisikia king'ora, zima muziki, punguza mwendo na utazame vioo. Usisimame katikati ya kona. Endelea taratibu hadi penye nafasi, kisha egemea kushoto.

Tukumbuke pia mfumo wa m-mama, unaopatikana bure kwa namba 115. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu, mfumo huo humtuma dereva wa jamii, na gari lake halina king'ora. Ukiona gari linakuja limewasha taa na kupiga honi mfululizo, lipishe. Huenda ndani yumo mzazi au mtoto mchanga. Na aliyefunga king'ora kwenye gari lake binafsi akifungue leo, asisubiri trafiki wa Mombo amsimamishe.