DAWA YA DENI NI KULIPA



Neno uzalendo limekuwa jepesi vinywani mwetu. Timu ya Taifa ikifunga bao twaruka. Tarehe 9 Desemba ikifika twapeperusha bendera. Hayo ni mema, wala hatuyadharau. Lakini shangwe haimgharimu mtu kitu. Uzalendo wa kijana hupimwa siku ile nchi inapomwomba kitu alichokuwa amekwisha kukiwekea hesabu zake mwenyewe.

Tukumbushane jambo lililotokea Dar es Salaam. Chuo Kikuu chetu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Basi chuo kilizaliwa ndani ya nyumba ya chama cha wakulima na wafanyakazi. Miaka mitano baadaye Serikali iliwataka wasomi watumike miaka 2 katika Jeshi la Kujenga Taifa, sehemu kambini, na muda uliobaki wafanye kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kuyakataa masharti hayo. Wengine walibeba bango la kusema kwamba wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali! Mwalimu Nyerere aliwafukuza, zaidi ya 300, wakarudishwa makwao. Mwaka uliofuata wengi wao walipokelewa tena.

Tusiwacheke. Mwandishi wa maneno haya alisomea ualimu. Barua ya kupangiwa kazi ilipokuja na jina la kijiji ambacho basi hufika mara moja kwa siku, hakuimba wimbo wowote wa Taifa. Alihangaika wiki mbili akitafuta mtu wa kumbadilishia kituo. Alipokosa, akaenda kwa shingo upande. Huko akakuta madarasa mawili yakimngoja mwalimu mmoja, na wazazi waliokuwa wamekwisha kumpigia matofali ya nyumba. Wale wazazi hawakuwahi kutamka neno uzalendo mbele yake. Aliona haya, na haya ile ndiyo iliyomfundisha kuliko chuo.

Maana nani aliyetusomesha? Ni mama anayeuza mihogo na kulipa kodi katika kila kipande cha sabuni anunuacho. Ni mkulima wa pamba na wa korosho. Deni hilo halina hati wala mdhamini, lakini ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Hata hivyo wazee nao wasikae kitako wakitikisa vichwa. Wanafunzi wale wa 1966 walisema pia kwamba mishahara ya viongozi ni mikubwa mno. Mwalimu hakulipuuza neno hilo kwa kuwa limetoka vinywani mwa wakosaji. Siku ile ile alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Kumbe kijana hufuata anachokiona kuliko anachoambiwa! Kiongozi anayemhimiza mtoto wa mwenzake aende kijijini, huku wa kwake akimtafutia kiti mjini, anaua uzalendo kwa mkono wake mwenyewe.

Utaratibu wa kuwaita wanaomaliza kidato cha sita Jeshi la Kujenga Taifa ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Ni vema. Lakini kambi ni ya miezi, na deni ni la maisha. Muuguzi asiyemfokea mgonjwa maskini, karani asiyengoja kitu kidogo, mwalimu anayeingia darasani siku ambayo mkaguzi hayupo: hao wanalipa kila siku, bila ngoma wala bendera.

Kijana mwenzetu, barua yako ikija na jina la kijiji usichokijua, funga mzigo uende. Nasi wa chama, tuhakikishe watoto wetu nao wamo ndani ya basi hilo hilo.