Kumtetea Ndege Mpotevu

Kuna desturi mbaya iliyoota mizizi katika shule zetu, nami nakusudia kuishambulia leo bila ya kuzunguka. Ndege mgeni akitua katika uwanja wa shule, jambo la kwanza ni kelele, la pili ni uvumi, na la tatu ni jiwe. Kumtazama hakumo katika hesabu.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu niliyaona hayo kwa macho yangu. Ilikuwa mwezi wa Novemba, siku ya mvua, kumbikumbi wakitoka ardhini kama moshi. Ndege mdogo wa jamii ya kozi alitua juu ya mwamba wa goli, amelowa chepechepe, amechoka hata hakuruka tulipomkaribia. Mmoja wetu alisema kuwa huo ulikuwa mkosi. Mwingine alisema kuwa ndege yule ametumwa, ingawa hakuweza kueleza ametumwa na nani, wala kwa nani. Wa tatu hakusema neno. Yeye alikuwa na manati. Tulikuwa watu wazima, tukijifunza kazi ya kufundisha watoto wa watu, na kila mmoja wetu alikuwa na kalamu mfukoni. Hapana aliyeitoa, nami nilikuwa miongoni mwao.

Basi, msomaji, usidhani kwamba nakukemea kutoka mahali pa juu. Nakukemea kutoka pale pale uliposimama wewe.

Watetezi wa jiwe wana hoja yao. Husema ya kuwa ndege aliyetoka katika njia yake ni mjinga aliyepotea. Tena ni mmoja tu, na mmoja hana faida wala hasara. Nitawajibu kwa kisa cha ndege mmoja tu.

Katika pwani za mashariki ya Urusi, kwenye rasi ya Kamchatka na kandokando ya Bahari ya Okhotsk, huishi tai mzito kuliko karibu tai wote wa duniani. Jike lake huweza kufika kilo 9, na mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita mbili na nusu kutoka ncha hata ncha. Mwili wake ni mweusi, mabega na mkia ni vyeupe, na mdomo wake ni wa manjano, mnene kama shoka. Huitwa tai wa Steller, kwa jina la Georg Wilhelm Steller, Mjerumani mtaalamu wa viumbe aliyesafiri na nahodha Bering hata Alaska mwaka wa 1741. Ni jamaa wa furukombe wetu, yule ambaye sauti yake husikika asubuhi katika ziwa la Naivasha. Tai hao si wengi. Hukadiriwa kuwa kiasi cha 4,000 au 5,000 katika dunia nzima. Majira ya baridi yakiingia na barafu ikifunga maji ya kaskazini, wengi wao hushuka kusini hata kisiwa cha Hokkaido, Japani, na baridi ikipungua hurejea kwao. Hiyo ndiyo njia waliyoirithi.

Mwezi wa Agosti 2020 tai mmoja wa kabila hilo alionekana ndani ya bara la Alaska, mbali na pwani. Machi 2021 tai kama huyo akaonekana Texas, kusini mwa Marekani, katika nchi ya joto na malisho ya ng'ombe, mahali ambapo kumtazamia ni sawa na kumtazamia kiboko juu ya Mlima Kenya. Alikuwapo kwa kitambo kidogo, akapigwa picha, akatoweka. Katikati ya mwaka huo akatokea mashariki ya Kanada, katika majimbo ya New Brunswick na Quebec. Novemba alikuwa Nova Scotia. Desemba alikuwa juu ya mto Taunton, katika jimbo la Massachusetts, na kabla mwaka haujakwisha alikuwa amekwisha fika Maine. Mwaka wa 2022 akawa Newfoundland, kisiwa kilicho ukingoni mwa Atlantiki, na huko alionekana tena na tena katika miaka iliyofuata, akivua samaki karibu na tai wa Kimarekani wenye vichwa vyeupe, ambao kwake walikuwa kama watoto.

Swali la kwanza la mtu mwenye akili ni hili: ilijulikanaje kuwa ni tai yule yule? Hakuwa na pete mguuni wala chombo chochote mwilini. Jibu ni rahisi, na ndilo kiini cha hoja yangu. Katika mabawa yake mlikuwa na mabaka meupe yasiyofanana na ya tai mwingine. Picha za mahali mbalimbali zililinganishwa baka kwa baka, ndipo wataalamu wakaridhika kwamba safari hizi zilikuwa za ndege mmoja. Aghalabu picha hizo hazikupigwa na maprofesa. Zilipigwa na watu waliokuwa katika shughuli zao, au waliosimama kandoni mwa barabara katika baridi kali kwa kupenda kwao wenyewe. Mtu wa Texas angalisema, "Huyu ni tai tu," akaendelea na safari yake, ukurasa huo wa habari ungalikuwa mtupu mpaka leo, na hapana fedha ambayo ingaliununua tena.

Hapo mpinzani wangu atacheka na kusema kuwa hiyo ni michezo ya watu walioshiba. Kweli, maelfu ya watu walisafiri kwenda kumtazama tai huyu, na watafiti walikadiria ya kuwa majuma machache ya Massachusetts peke yake yaliwafanya wageni watumie mamia ya maelfu ya dola. Sitaki kuitegemea hoja hiyo. Mwanafunzi wa Kitui au Kakamega haitaji dola, wala haitaji darubini ya bei kubwa ili aandike tarehe, mahali, saa, rangi ya miguu, umbo la mkia na chakula alichokula ndege. Anahitaji penseli, na anahitaji kuuzuia mkono wake kwa dakika kumi.

Ama hilo neno "mjinga", nalikataa kabisa. Ndege huweza kutolewa njiani na dhoruba. Wachanga huweza kuzaliwa na dira iliyopinda kidogo, wakashika upande usiokuwa wa wazazi wao. Wengine hufuata chakula hatua kwa hatua hata wakajikuta ng'ambo. Wengi wa hao hufa, sikatai. Lakini mtazame yangeyange, ndege mweupe aandamaye ng'ombe wetu malishoni. Katika karne ya kumi na tisa yangeyange wa Afrika walivuka Atlantiki, wakaanza kuonekana kaskazini mwa Amerika ya Kusini, huko Guiana. Bila shaka aliyewaona kwanza aliwaita wapotevu. Mwaka wa 1953 walikuwa wakizaliana Florida, na leo wametapakaa katika sehemu kubwa ya mabara yote mawili ya Amerika. Tai wa Steller hakufanya hivyo, maana yuko peke yake na hana mwenzi wa kujenga naye kiota. Mimi sitamsifu kwa sifa asiyokuwa nayo. Nasema tu kwamba siku ya kwanza mpotevu na mwanzilishi hufanana kama mapacha, na hapana awezaye kuwatofautisha ila yule aliyeandika siku ya kwanza, na ya pili, na ya mia.

Uvumi nao una madhara yake, tena si wa kwetu peke yetu. Mwezi wa Januari 2011 tumbusi mmoja alikamatwa Saudia akiwa na pete mguuni na chombo cha kufuatilia safari zake. Pete ilikuwa na jina la Chuo Kikuu cha Tel Aviv, na kwa muda mfupi watu wakawa wanasema kuwa ndege yule ni jasusi wa Israeli. Wakuu wa wanyamapori wa Saudia wenyewe ndio waliokanusha, wakaeleza kuwa ni chombo cha elimu tu. Yule mwenzetu wa chuoni aliyesema "ametumwa" hakuwa na hatia kubwa kuliko hao. Lakini hao hawakuwa wakisomea ualimu.

Pia angalia jinsi mgeni wa mahali pamoja alivyo mwenyeji wa mahali pengine. Kuna kozi mdogo, kozi wa Amur, ambaye huzaliwa Siberia, Mongolia na China ya kaskazini. Kila mwaka maelfu na maelfu yao hupitia kaskazini-mashariki mwa India, huvuka Bahari ya Hindi kwa safari moja isiyokuwa na kituo, na Novemba na Desemba hupita juu ya Tsavo wakifuata mvua na kumbikumbi, wakielekea kusini mwa Afrika. Kwetu ni wageni wa desturi. Mwaka wa 2008 mmoja wao, tena mchanga, alitua Yorkshire, Uingereza. Watazamaji wa huko, watu mashuhuri kwa kuwajua ndege, kwanza walimdhania kuwa kozi wa aina nyingine inayofanana naye. Picha zilipochunguzwa ndipo walipotambua ya kuwa walikuwa wamemwona ndege ambaye hakuwahi kuthibitishwa katika nchi yao. Mkamba mchungaji wa mbuzi huenda alimwona ndege wa namna hiyo mara mia, asimwandike hata mara moja.

Kinyume chake pia hutokea. Januari 2022, katika Kaunti ya Siaya, alipatikana ndege mla samaki aitwaye ospri, dhaifu, naye akafa baadaye. Pete yake ilisema Helsinki. Watu wengi walistaajabu kama kwamba ameanguka kutoka mwezini, na kumbe ospri wa Ulaya huja Afrika kila mwaka. Huyu hakuwa mpotevu hata kidogo. Kama hatujui nani huja kwa desturi, tutamjuaje asiyekuja kwa desturi?

Wala jambo hili haliwezi kungoja. Mwaka wa 2022 watafiti walichapisha ulinganisho wa hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kandokando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na zile za miaka ya karibuni. Jamii nyingi zimepungua sana, hasa nje ya hifadhi. Upungufu huo ulijulikana kwa sababu watu fulani, zaidi ya miaka arobaini nyuma, waliandika katika daftari hata ndege wa kawaida ambao hapana aliyewajali. Leo uko mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambao hupokea orodha za watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya nchi. Haukuulizi una cheo gani. Hukuuliza umeona nini, wapi, na lini.

Siku ya pili baada ya mvua ile nilikwenda uwanjani peke yangu. Mbwa alikuwa amekwisha mchukua yule ndege. Niliokota manyoya mawili chini ya goli, ya kijivu, nikayatia katika kamusi yangu, nayo yamo mpaka sasa. Miaka kadhaa baadaye nilimwonyesha mtu mwenye ujuzi wa ndege wawindaji. Aliyageuza kwa upole, akaniuliza swali moja tu: miguu yake ilikuwa myekundu, au ilikuwa ya manjano? Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, wala sikuweza kumjibu.