Lumbesa Imehamia Kwenye Simu

Kijana wa Lushoto, lumbesa unaijua. Mnunuzi anashindilia viazi mpaka gunia linaota kichwa, mkulima wa Lukozi analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, lakini wajanja hawajakoma.

Sasa ujanja huo umeingia simuni. Tangazo la Instagram linakuonyesha kiatu kipya, bei "njoo inboksi". Ukifika huko unapimwa kwanza: una haraka? una hela? Ndipo bei inazaliwa. Unatuma pesa Kariakoo, basi linapandisha kutoka Mombo na mtumba uliochoka, na gharama ya mzigo juu yako. Hilo ni changa la macho.

Usidanganywe kwamba sheria hakuna. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei na ubora wa bidhaa. Tume ya Ushindani ndiyo msimamizi. Tunaitaka isisubiri barua mjini, ipande milimani.

Nawe usiugulie kijiweni. Dai bei itajwe hadharani, tunza picha ya tangazo na ujumbe wa malipo, kisha lalamika. Muuzaji anayeogopa kutaja bei mbele ya watu, anakuficha nini?