Kabla ya Maandamano, Leteni Daftari

Makamanda wa Hanang na Mbulu, kila tukikaa kikao kuhusu ardhi, hoja ya kwanza mezani ni moja: tuandamane hadi Katesh. Mimi siyo mpinga maandamano. Ninachopinga ni kwenda barabarani mikono mitupu halafu tukirudi tunasema "ujumbe umefika". Umefika kwa nani? Na ukiulizwa kesho ushahidi, utatoa nini, picha ya Wasapu?

Someni kesi ya Mulbadaw. Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilichukua malisho ya Wabarabaig kulima ngano, jumla karibu ekari laki moja. Hadi makaburi ya wazee, zile bung'eda, yalipitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 wakaenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu Arusha. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikapindua. Sababu? Halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kwamba iligawiwa ile ardhi kisheria. Na wanakijiji, jamani, wakaambiwa hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji. Mbarabaig, Hanang, athibitishe kuwa ni mwenyeji! Wengi wao hata hawakusimama kutoa ushahidi. Nilipoisoma hukumu hiyo chuoni nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuhesabu ni karatasi ngapi zilikosekana.

Sasa linganisheni na Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati huo ikiwa wilaya ya Mbulu. Serikali ilitunga sheria mwaka 1992 kufuta haki za kimila za watu waliopoteza mashamba wakati wa vijiji, tena ikawazuia wasiende mahakamani. Baba na mwana wakaipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Watu wawili! Hakuna jiwe lililorushwa. Ila walikuwa na madai yaliyonyooka na hawakuchoka.

Kwa hiyo huku Getanuwas napendekeza tuanze na mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, awe wa chama chetu au wa kile kingine. Kama haujaitishwa, andikeni barua, majina na saini chini, nakala ipigwe mhuri wa mapokezi. Kuna ofisi moja ilinikatalia mhuri mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda na wazee wanne na mama mmoja anayeheshimika, mhuri ukapatikana dakika kumi. Mkutanoni, mmoja wetu aandike kila kinachosemwa, tarehe na idadi ya waliohudhuria. Maneno ya wazee kuhusu mipaka na njia za ng'ombe tuyarekodi sasa hivi, kwa Kibarabaig au Kiiraqw, wakiwa bado hai.

Na yule atakayesema hii ni mbinu ya wazungu, amuulize bibi yake. Wanawake wa Kibarabaig wana girgwageda gademga, baraza lao. Mwanamume akivunja haki ya mwanamke, kwa mfano akamsumbua mama aliyejifungua, wanakusanyika wanamjadili, wanamtoza ng'ombe dume mweusi. Hawana rungu wala bunduki. Akikaidi analaaniwa, na hakuna anayetaka laana ile. Nguvu yao ni kwamba wanakuja wote na hawaondoki mpaka jambo liishe. Vikao vyetu vya vijana mara nyingi havina hata wasichana watatu. Tunajinyima silaha yetu wenyewe.

Maandamano yakibidi, yawe na maandalizi. Sheria ya Polisi, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, kwa mkuu wa polisi wa eneo. Ni taarifa, siyo kuomba kibali, na lugha ya barua ionyeshe hivyo. Tuteue wasemaji wawili tu. Wengine kazi yao iwe kuwatuliza vijana wakichokozwa, kwa sababu jiwe moja likirushwa, habari ya ardhi inakufa na inabaki habari ya jiwe. Wengine wajue nani kakamatwa, kapelekwa kituo gani, na nani anashughulikia dhamana. Fimbo ziachwe nyumbani. Najua kwetu fimbo ni sehemu ya mwanamume, ila kwenye picha ya polisi inaitwa silaha.

Nipo nyumbani hadi chuo kifunguliwe. Wenzetu wa Basotu na Mulbadaw mkipanga kikao, nitakuja na nakala za hukumu zote mbili. Mje na daftari, na kila mmoja aje na dada yake.